Kufuli la Mlango wa Nyuma

Jumanne, tarehe kumi na nne, saa nne na dakika ishirini asubuhi: hapo ndipo mambo yalipoharibika. Fundi Waya alikuwa juu ya ngazi, anafunga taa ya mwisho kwenye karakana mpya ya ushonaji ya mchumba wake, alipotupa jicho kwenye mlango wa nyuma.

Kufuli. Jipya, linang'aa.

Akashuka ngazi. Miaka mitatu nyuma mke wake aliungulia kiwandani nyuma ya kufuli kama lile, na wakubwa wa kiwanda wakaja msibani na gari lenye kiyoyozi, wakala, wakaondoka.

"Bi Sindano!"

"Abee, mume wangu mtarajiwa!"

"Njoo hapa. Hiki nini?"

Mashine sita zikanyamaza kwa mpigo mmoja. Bi Sindano akaja, tepu shingoni, macho chini.

"Punguza sauti, wafanyakazi wanasikia."

"Wasikie! Si ndio uliowafungia?"

Ukutani palikuwa na boksi lililokunjuliwa, waliloandika pamoja Jumapili. Siku ile walicheka! Bi Sindano alisema biashara lazima iwe na lengo, maono na misingi. Fundi, aliyeishia darasa la nne, akajibu kwamba maono anayoyajua yeye ni ya mtu mwenye homa kali. Mwisho wakaandika kwa lugha yao:

TUPO HAPA KUSHONA SARE ZISIZOFUMUKA.
TUNATAKA MASHINE ISHIRINI, KILA MSHONAJI AWE NA FUNGU LAKE.
MLANGO WA NYUMA HAUFUNGWI MTU AKIWA NDANI.

Mstari wa tatu ulikuwa wa Fundi. Bila huo asingethubutu kupenda tena.

"Nisomee wa tatu."

"Fundi, jamani..."

"Nisomee!"

Badala ya kusoma, akampa simu. Ujumbe wa mnunuzi: "Kitambaa changu hakikai penye mlango wazi. Weka kufuli. Nakuja kukagua saa sita, la sivyo oda nampa mwingine."

"Ni oda yetu ya kwanza," Bi Sindano akasema. "Bila hiyo hawa dada zangu wanarudi nyumbani leo. Ningekwambia jioni."

"Hata mke wangu, wakubwa wa kiwanda walikuwa wamwambie jioni kwamba wamefunga. Ufunguo uko wapi?"

"Ninao."

Akajipapasa mfukoni. Akajipapasa tena. Akakung'uta mkoba mzima mezani. Uso ukamsawajika.

"Nilikuwa nao sasa hivi, Fundi. Wallahi nilikuwa nao..."

"Pasi!" mshonaji mmoja akapiga yowe. "Pasi inaunguza!"

Moshi mweusi ukapanda kwenye meza ya kupigia pasi, palepale karibu na mlango wa mbele. Wanawake sita wakakimbilia nyuma, wakaugonga mlango kwa viganja.

"Shemeji, fungua! Tunakufa!"

Fundi akasikia sauti ya marehemu mke wake humo humo.  Akanyakua nyundo, akalipiga komeo mara moja, mbili, tatu; mara ya nne likang'oka. Wakamwagika uani, wanakohoa. Yeye akarudi ndani, akazima swichi kubwa, akamwaga ndoo ya maji.

Ilikuwa shati moja tu.

Bi Sindano alikuwa amekaa chini. Ufunguo ulionekana chini ya kitambaa alichokuwa akikata. Hatua mbili kutoka mlango wa nyuma.

"Bado utanioa?"

"Mjibu mnunuzi kwanza."

Akaandika, vidole vinakosea: "Mlango hautafungwa. Ukitaka kukagua, karibu." Akatuma. 

"Harusi ya Jumamosi iko palepale," Fundi akasema, akamwinua.

"Basi hata mahari tushushe, pesa ya kifungua mlango tusimdai," mshonaji mmoja akatania huku analia. "Shemeji ameshavunja mlango wa ukweni!"

Wakacheka, isipokuwa Bi Sindano. Aliushika ule ufunguo kama kaa la moto.

"Mimi nimeupoteza kwa dakika tano, nimekaribia kuua watu sita," alisema taratibu. "Kule kiwandani, Fundi, siku ile ufunguo alikuwa nao nani?"

Miaka mitatu Fundi amelibeba swali hilo ofisi hadi ofisi, na kila mwenye kiti cha kuzunguka humwambia aje kesho. Alikuwa nao nani?