Kiondo cha Mwani

Kalondu alikuwa msusi wa viondo huko Kangundo. Mkonge aliusokota mwenyewe juu ya paja, huku akilalamikia shamba lao la mteremko. Mvua kubwa za mwaka uliopita zilikuwa zimebomoa matuta, na udongo mzuri ulizidi kuteremka mtoni. Lakini mumewe, Festus, hakutaka kuyachimba tena. Alisema matuta yanakula nafasi ya mahindi.

Likizo ya Agosti, binti yao Mutheu, mwalimu kule Malindi, alikuja na mwani mkavu ndani ya gazeti. Kalondu aliunusa, akauliza kama hupikwa na githeri ya mahindi na maharagwe. Mutheu alicheka. Akaeleza kuwa huota baharini, na samaki wadogo hujificha na kula humo.

"Lakini mto wetu Athi ukifika kule unaitwa Sabaki," akasema. "Mvua ikinyesha, unakuja mwekundu, Mama. Tope linafunika mwani, unakosa jua, unakufa. Samaki nao wanahama."

"Tope la nani?"

Mutheu akatazama shamba tu.

Kalondu akaanza kiondo kipya. Kiondo husukwa kuanzia kitako, kwa hiyo kitako akakifanya kijani, majani ya mwani, na visamaki vyeupe katikati. Juu yake akasuka wekundu. Alipofika nusu akakitundika mlangoni, mahali Festus asingeweza kupita bila kuinama.

"Mbona hukimalizi?" Festus akauliza. "Na huu wekundu si umezidi?"

"Hilo ni shamba lako, Baba Mutheu. Limewalalia watoto wa samaki. Ukichimba matuta, nitamalizia na buluu ya maji safi. Ukikataa, ni nyekundu mpaka juu, na Jumapili nakibeba kanisani."

"Unanitisha na kikapu?"

"Mimi nasuka tu."

Festus alicheka mpaka akakohoa. Wiki iliyofuata aliita mwethya, kikundi cha majirani wa kusaidiana kazi. Walichimba mitaro kwa nyimbo, wakitupa udongo upande wa juu uwe tuta. Kwenye kingo walipanda nyasi za ng'ombe, mizizi ishike udongo.

Novemba mvua ilinyesha. Maji yalitulia mitaroni, yakazama polepole. Mahindi yalinenepa kuliko ya miaka yote, na ng'ombe akapata nyasi.

Kalondu alikimalizia kiondo na buluu. Kabla hajakitia mkanda, Festus alikichukua, akavuka kwa jirani yao Mwangangi, ambaye shamba lake bado lilikuwa linateremka mtoni.

"Mwangangi, leta kiti," akasema. "Nimekuletea samaki wako uwaone."