Herufi za Kerstin

Saa tisa na nusu alasiri Roselyn aliteremka kwenye treni pale Farsta, na giza lilikuwa limeshaingia. Novemba ya Stockholm haina haya. Jua huchungulia kidogo saa za chakula cha mchana, likaona baridi, likarudi kulala. Roselyn alikuwa na mfuko mtupu begani na anwani na namba ya mwenye nyumba kwenye simu. Alikuwa ametumwa.

Aliyemtuma ni Wanjugu, rafiki yake wa miaka kumi na miwili, tangu enzi zao za uanafunzi walipokuwa wakilala chumba kimoja na kugawana koti moja zito.

"Aki Rosie, nimekwama kazini," Wanjugu alikuwa amesema kwenye simu. "Kuna mzee Farsta anatoa ubao wa zamani wa kunyooshea nguo. Anautoa bure, bora tu mtu autumie. Si uniendee? Nimeona picha, ni mzuri hadi unaogopesha."

Tuelewane mapema: Roselyn hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wivu tu, na wivu wenyewe ulikuwa na jina na anwani: Wanjugu, Jakobsberg, ghorofa ya pili. Huyo Wanjugu alikuwa na mikono. Kitu ambacho wewe ungekitupa, yeye alikiokota, akakisugua, akakipaka mafuta, na kesho yake akakitumia kama kawaida. Kahawa alisaga kwa kinu cha mkono kilichomzidi umri mara mbili. Chapati alipika kwenye kikaango cha chuma alichokitoa kwenye chumba cha takataka za jengo lao kikiwa kutu tupu. Na kila mgeni alitaka kusikia kila kitu kilitoka wapi, na Wanjugu hakuchoka kueleza.

Hayo yote Roselyn angeyavumilia. Kilichomuuma ni neno la mumewe, Obiero. Walikuwa wametoka huko kwa Wanjugu, wako kwenye treni, binti yao Daisy amesinzia katikati yao.

"Hiyo nyumba iko na mwenyewe," Obiero alisema huku akitazama nje. "Ukiingia tu unajua. Yetu ni kama lojing'i, pa kulala tu."

Hakumaanisha ubaya. Lakini neno lile lilimkwama Roselyn kooni kama mwiba wa samaki, na miezi minne baadaye bado alikuwa akilimeza lisishuke.

Mlango wa Farsta ulifunguliwa na mzee mrefu aliyevaa sweta iliyotoboka kiwiko. Alijitambulisha kwa jina moja tu, Thomas. Nyumba nzima ilikuwa ndani ya maboksi, kwa kuwa alikuwa akihamia nyumba ya wazee. Mezani palikuwa na vikombe viwili. Kimoja kilikuwa na kahawa. Kingine kilikuwa kikavu.

"Wewe ndiye Wanjugu?" aliuliza kwa Kiswidi.

Roselyn angeweza kusema hapana, nimetumwa tu. Lakini alikuwa ameshauona ubao. Ulilazwa juu ya kiti, mrefu kama mkono wa mtu mzima, umechongwa majani na maua kutoka ncha hadi ncha, na mpini wake ulikuwa farasi mdogo aliyeinamisha shingo. Wivu ulimpanda ghafla hadi macho yakamwasha. Kwa nini na hiki kiende Jakobsberg?

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi Wanjugu."

Mzee alimwonyesha namna ya kuutumia. Shuka lenye unyevu unalizungusha kwenye mti wa mviringo kama mchi, unaulaza mezani, kisha unaukandamiza kwa ubao, mbele na nyuma. Gruu... gruu... Shuka lilitoka laini kuliko pasi yoyote. Kisha akagusa katikati ya ubao, palipochongwa herufi tatu na mwaka: K P D, 1831.

"Kerstin, binti wa Per," alisema kwa sauti ya chini; D ilikuwa ya dotter, binti kwa Kiswidi. "Zamani kijana akitaka kuoa alimchongea msichana ubao wenye herufi zake. Msichana akiupokea, basi nyumba ni yake. Huyu aliupokea. Halafu mwanamume akaoa mwingine, akauchukua ubao uleule akampelekea."

"Bila kufuta jina?"

"Yule mwingine alilifuta."

"Lakini mbona bado lipo?"

Thomas alitazama kile kikombe kikavu.

"Lilirudi," alisema. "Usugue, upake mafuta, uutumie kila siku. Anapenda kutumiwa. Jina usiliguse."

"Umewahi kuligusa?"

"Si mimi. Mke wangu, nadhani." Alikunja uso. "Nadhani nilikuwa na mke. Kila siku naandaa vikombe viwili."

Roselyn alikuwa amefanya kazi ya kutunza wazee kwa miaka tisa. Wanaosahau aliwajua vizuri. Alimshika mzee bega, akamwambia ajitunze, akaondoka na mfuko umejaa.

Njiani, kabla hata treni haijafika mjini, alimpigia Wanjugu.

"Pole, mwenzangu. Nimechelewa. Kuna mtu ameshauchukua."

Wanjugu akajibu kwa ule upole wake unaokera: "Hakuna neno, Rosie. Asante kwa kujisumbua."

Jumamosi yote Roselyn alikuwa kwenye meza ya jikoni, magazeti yametandikwa chini. Alisugua uchafu wa karne mbili kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, akakausha, kisha akachukua msasa. Alipofika kwenye herufi aliinua mkono, akafikiri. Wanjugu alikuwa ameziona kwenye picha. Siku moja angekuja kunywa chai, angezitambua. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Lakini ile ya kweli aliijua: hakutaka jikoni mwake jina la mwanamke mwingine yeyote.

Akasugua. K ikaondoka. P ikaondoka. D ilikuwa na kina, akaichimba kwa kisu.

Mahali pake akachonga R na O, yeye na Obiero, akapaka mafuta ya kitani hadi mbao ikang'aa. Obiero aliporudi alisimama mlangoni akapiga mluzi.

"Rosie! Hii umeifanya wewe?"

Usiku huo walilala kwenye mashuka laini kama ngozi ya mtoto, na Roselyn alifurahi kuliko alivyofurahi siku nyingi. Tatizo moja tu: hakuweza kumwonyesha yule hasa aliyetaka aone.

Wiki ya pili, R ikaanza kufifia.

Alidhani ni mafuta. Akaichonga tena, ndani zaidi. Asubuhi mbao ilikuwa laini kabisa pale ilipokuwa R, na O imebaki peke yake.

Halafu akarudi kutoka kazini akasikia, akiwa bado kwenye ngazi...

Gruu... gruu...

Alifungua mlango haraka. Hakukuwa na mtu. Lakini palinuka moshi wa kuni na sabuni kali ya zamani, na juu ya meza mashati matano ya Obiero yalikuwa yamenyooshwa na kukunjwa mara tatu. Yeye hukunja mara nne.

"Nani amekunja nguo hizi?" alimuuliza Obiero jioni.

Obiero alimtazama kama mtu aliyeulizwa fumbo. "Si wewe... mama Daisy?"

Mama Daisy. Miaka kumi ya ndoa alikuwa akimwita Rosie.

Kwenye kola ya shati moja Roselyn alikuta unywele mrefu, rangi ya majani makavu. Damu ilimchemka. Mwanamke! Kuna mwanamke anaingia humu nikiwa kazini! Na akili yake, kwa mazoea, ikakimbilia Jakobsberg, ingawa Wanjugu nywele zake ni nyeusi na fupi. Hivyo ndivyo wivu ulivyomfanya. Aliona hatari upande mmoja tu, akaupa mgongo upande mwingine.

Siku zilizofuata alinyang'anywa vitu vidogo vidogo. Kwenye tundu la barua mlangoni palikuwa na majina yao wawili. Lake likatoweka, bila alama ya gundi. Kazini msimamizi alimuuliza kama ni kibarua wa siku moja. Obiero aliacha hata lile la mama Daisy. Akawa anasema "wewe", halafu hasemi kitu, anampisha tu kwenye korido kama mpangaji mwenzake.

Alhamisi jioni aliinua ubao akausogeza kwenye taa. Chini ya O, polepole kama jasho linalotoka mwilini, zilikuwa zikijitokeza.

K.

P.

Akampigia Thomas.

"Mimi ndiye niliyechukua ubao. Naitwa Roselyn. Nimefuta herufi, niambie nifanyeje."

"Simjui Roselyn," alisema mzee. "Ubao nilimpa Wanjugu."

"Nilikudanganya! Mimi ni Roselyn!"

"Basi kwangu hukuingia wewe," alinong'ona. "Kerstin hajui kama upo." Akakata simu.

Usiku mzima Roselyn alikaa macho kwenye kiti. Ijumaa, mapumziko ya kazini, alijifungia chooni akampigia Wanjugu, akamwambia yote. Uongo, msasa, wivu, hata neno la kwenye treni alilisema, na aliposema lile ndipo alipolia.

Wanjugu hakumkatiza.

"Rosie," alisema mwishowe, "ungeniambia tu unautaka. Ningekupa."

Hilo lilimchoma kuliko matusi.

"Ulete kwangu leo," Wanjugu aliendelea. "Uliombwa kwa jina langu, nitaupokea kwa jina langu. Herufi zake nitamwachia. Toka sasa hivi, usingoje jioni."

Roselyn alitoka bila kuaga. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Treni ilichelewa, kisha ikasimama katikati ya njia dakika ishirini, na aliposhuka Rissne, kituo cha nyumbani kwake, ilikuwa saa tisa na nusu, giza tupu. Alikimbia. Dirisha la jikoni mwake lilikuwa na taa. Si ile nyeupe ya kila siku. Ya manjano, inayotikisika.

Ufunguo haukuingia.

Alijaribu mara tatu. Kisha akaganda, kwa sababu ndani...

Gruu... gruu... gruu...

Akabonyeza kengele. Sauti ikakatika. Vikasikika viatu vidogo, na mlango ukafunguka kwa upana wa mnyororo. Daisy alimtazama kutoka chini, nywele zimesukwa mkia mmoja mrefu, mtindo ambao Roselyn hakuujua.

"Daisy, mama, nifungulie."

Mtoto hakusogea. Aligeuza kichwa, akaita ndani kwa Kiswidi, "Pappa! Kuna shangazi mlangoni!"

"Daisy... mama yako yuko wapi?"

"Mamma är i köket," alisema Daisy. Mama yuko jikoni.

Obiero akaja. Shati lake lilikuwa limenyooka hata mkunjo mmoja hakuna. Alimtazama mkewe kwa adabu ile anayowapa watu wasiojulikana.

"Habari ya jioni, dada. Unamtafuta nani?"

"Obiero, ni mimi. Ni mimi!"

"Pole, sikukumbuki. Unaitwa nani?"

Roselyn alifungua mdomo. Jina lake alilijua, alikuwa amezaliwa nalo, lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi... Likateleza. Alilitafuta kwa hofu, kichwa kizima, na humo ndani alikuta moja tu, lile alilolitoa kwa kinywa chake kwenye mlango wa Farsta.

"Wanjugu," alisema, na machozi yakamtoka.

Obiero alitikisa kichwa kwa huruma.

"Hapana, dada. Wanjugu tunamjua. Si wewe."

Nyuma yake, kwenye ukuta wa jikoni, kivuli cha mwanamke kilisimama wima, kitambaa kichwani, mikono imetulia juu ya kitu chenye umbo la farasi. Kilikuwa kinangoja tu mlango ufungwe.

Ukafungwa.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe kutoka Jakobsberg: *Samahani, nimeona namba yako hapa, tumeongea leo? Nani mwenzangu?*

Alipiga magoti barazani, akasukuma kifuniko cha tundu la barua kwa vidole viwili. Ulitoka moshi wa kuni na harufu ya sabuni. Aliona kipande cha korido yake. Zulia lake. Viatu vya Daisy, vimepangwa vizuri kuliko alivyowahi kuvipanga yeye. Mle jikoni ubao ulikuwa umeanza tena, gruu... gruu... taratibu, bila haraka, kazi ya mtu aliye kwake.

Akamsikia mumewe akivuta kiti, akikaa, akishusha pumzi ya mtu aliyeshiba.

"Unajua," Obiero alisema kwa upole, na hakuwa akimwambia yeye, "siku hizi hii nyumba iko na mwenyewe."