Mnusapumzi wa Mtambwe Mpya

Bi Raya Kombo alisema "Bismillahi," akapuliza. Mtambo uitwao Mnusapumzi ukaimeza pumzi yake, ukainusa chembe kwa chembe, na kabla hajafuta midomo ukajibu kwa sauti ya adabu: "Safi."

"Alhamdulillahi," alisema Mize, mhandisi aliyeubuni. Bi Raya alikuwa mama yake mdogo, na hii ilikuwa mara ya nane na ya mwisho. Miaka miwili ya kupimwa kila miezi mitatu ilikuwa imekwisha.

Maradhi ya Bi Raya ni adimu. Miguu humlegea, kope humwanguka, kinywa humkauka. Mara nyingi chanzo chake ni saratani changa iliyojificha pafuni. Mwili huiona kabla ya daktari, hutuma kingamwili kuipiga, nazo kwa pupa huzipiga pia ncha za neva zinazoamrisha misuli. Ndiyo maana mgonjwa wa aina hii hupimwa mapafu tena na tena. Tangu Mnusapumzi uje Mtambwe Mpya, mashine za kupiga picha za kifua ziling'olewa, eti za kizamani. Lakini kati ya wagonjwa kumi na mmoja walioambiwa "Safi," saba walikuwa wameshazikwa, na jambo hilo lilikuwa likimla Mize roho.

Bi Raya alijizoazoa kitini, akatoa kijaluba. "Chukua moja, mwanangu. Umekonda, utadhani mgonjwa ni wewe."

Zilikuwa karafuu.

"Hizi unatafuna lini, mama?"

"Kabla ya kupuliza, lini tena? Kinywa kikavu hunuka. Nikutilie uvundo kwenye mtambo wako, nionekane sikufunzwa? Sote tunatafuna. Tunagawiana pale barazani."

Loo! Mize aliugeukia mtambo. Mtambo ulifundishwa kwa pumzi za watu wa mbali, wasioijua adabu hiyo. Ukali wa karafuu uliifunika harufu hafifu ya saratani, na hakuna aliyeufundisha mtambo kusema sijui.

Pumzi zote zilikuwa zimehifadhiwa, pamoja na sauti za wenyewe. Mize akauamuru mtambo uitenge karafuu, kisha unuse upya.

"Bismillahi," ilisema sauti ya mwanamume, ikafuata pumzi ndefu.

"Ipo," ulisema mtambo.

"Huyo Kai Hamad!" Bi Raya alishika ukingo wa meza. "Si tumemzika mwezi wa Rajabu?"

Ikaja sauti nyingine, na nyingine. "Bismillahi." "Ipo." Bi Raya alimtaja kila mmoja: Bi Mkasi, Faki, Bi Time aliyeacha watoto wanne. Wafu walipuliza kwa zamu, kwa unyenyekevu uleule wa siku ile, wakingoja kuruhusiwa waende nyumbani. Mize alikuwa akilia waziwazi. Alinyoosha mkono auzime mtambo.

Bi Raya akaudaka mkono ule. Nguvu hakuwa nazo, lakini Mize hakuthubutu kujitoa.

"Uache. Mimi sijafikiwa."

"Bismillahi," ilisema sauti ya Bi Raya mwenyewe, ya mwaka mmoja na nusu nyuma, na ndani yake mlikuwa na kicheko.

"Ipo," ulisema mtambo. "Ndogo. Inatibika."

Bi Raya akauachia mkono wa Mize, taratibu.

"Karafuu zile, nilikuwa nakustahi wewe tu, mwanangu."