Tabia na Ua la Mvule

Tabia, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa akifagia maranda katika karakana ya baba yake pale Bagamoyo, kama afanyavyo kila Ijumaa, aliposikia hodi. Bibi mmoja ambaye yeye na baba yake hawakuwahi kumwona aliingia, amekumbatia ubao wa mvule kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mimi Batul, nina duka la vitambaa karibu na soko. Maua manne ya mlango wangu yameliwa na mchwa. Nataka myachonge upya kwenye ubao huu. Umetoka kwenye mlango huohuo, na mwingine sina. Anzeni na moja, nilione."

"Usijali, bibi. Likitokea lolote, nitakuja kukuambia mwenyewe," Tabia alidakia.

Baba yake, fundi Mwinjuma, alicheka. "Haya, umeshaahidi."

Bibi alipoondoka, Mwinjuma alikata kipande cha pembeni cha kujaribia. Mashine yao huchonga kwa kufuata kompyuta, lakini namba mbili huwekwa na fundi: kisu kizunguke kwa kasi gani, na kisogee mbele kwa mwendo gani.

"Weka wewe," baba alimwambia.

Tabia aliiacha mizunguko elfu kumi na nane kwa dakika. Mwendo akaupunguza hadi milimita mia sita kwa dakika. Ubao wa watu, aliwaza, lazima uendewe polepole. Punde moshi ukafuka.

"Unachonga au unachoma mkaa?" baba alimtania.

"Mbona nimekwenda taratibu?"

"Shika hilo vumbi."

Lilikuwa laini kama unga, tena la moto.

"Kisu kinazunguka palepale," baba alieleza, "kinasugua badala ya kukata. Ndiyo maana ubao unaungua."

Tabia akapandisha mwendo: elfu moja na mia tano, kisha elfu mbili na mia saba. Mlio ukabadilika, maranda manene yakaruka, na ukingo ukatoka safi. Akacheka kwa furaha.

Ua lenyewe lilipoanza kuchongwa, baba alitoka nje kupokea simu. Mashine ilinguruma. Tabia akaingiwa na hofu, akarudisha mwendo hadi mia sita. Petali moja ikawa nyeusi.

Baba alirudi mbio, akaiagiza mashine ipite tena ua zima, ndani zaidi kwa nusu milimita. Weusi ukatoka wote.

"Bi Batul hatajua," Tabia alinong'ona.

"Hatajua," baba alikubali. "Ila kazi ya mtu ni amana, mwanangu. Uliona kwa macho yako namba iliyofaa, kisha ukausikiliza woga. Hilo litaisha kwa mazoezi. Ukizoea kuficha, mazoezi hayatakusaidia."

Kesho yake Tabia alipeleka ua dukani. Bi Batul alilipapasa kwa vidole. "Mashallah! Zuri!"

Tabia akaionyesha petali kwa kidole. "Bibi, petali hii niliiunguza mimi. Baba ndiye aliyeirekebisha."

Bi Batul akalitazama ua tena. "Ningejulia wapi? Ahsante kwa kuniambia. Lakini matatu yaliyobaki achonge baba yako. Wewe kaa kando kwanza."

Tabia alikuwa akingoja kwa hamu kuyachonga maua hayo. "Sawa, bibi," alijibu, machozi yakimlenga. "Niliahidi nitakuambia."