Sauti ya Mkondo wa Sita

Nyuki sita walitoka kwenye kisanduku, wakaelea kidogo juu ya kifusi, kisha wakaingia mmoja mmoja kwenye ufa usiozidi upana wa kidole. Hawakuwa nyuki wa asali. Kila mmoja alikuwa kinasa sauti kisicho na waya, chenye mabawa ya plastiki na betri ya saa mbili, na kazi yake ilikuwa moja tu: kutafuta sauti ya mtu gizani na kuipeleka juu.

Juu, kando ya kituo cha treni ya chini ya ardhi kilichobomolewa na tetemeko asubuhi ile, Tusekile Mwambungu, fundi wa sauti wa kikosi, alikuwa amepiga magoti mbele ya kamera-mwangwi. Mwaka huo wa 2094, kila kikosi cha uokoaji jijini Mbeya kilikuwa na kamera ya namna hiyo. Haikupiga picha kwa mwanga. Ilipokea sauti za nyuki, ikapima zimepishana kwa muda gani, kisha ikachora kwenye kioo chake mahali zilikotoka. Bila nyuki ilikuwa kipofu.

Kuwaunganisha hakukuwa kazi ya kubonyeza kitufe kimoja. Kila nyuki alihitaji mkondo wake kwenye kipokezi cha kamera, mkondo usiogongana na mawasiliano mengine, na hewa ilikuwa imejaa: roboti wachimbaji, redio za zimamoto, simu za ndugu waliosimama nyuma ya utepe. Watatu wa kwanza waliitika. Wa nne alileta mikwaruzo mitupu, ikabidi amhamishe masafa mara mbili ndipo akatulia.

Afande Sengo, mkuu wa kikosi, alikuja na kumwambia kwamba nguzo ya mashariki inazidi kupasuka na wahandisi wanaipa dakika ishirini. Tusekile akaomba redio zote zizimwe. Zilipozimwa, nyuki wa tano akaitika, kisha wa sita.

Sasa ilibaki kupanga kiwango cha sauti kwa mkono, mkondo baada ya mkondo. Hiyo ilikuwa kazi ya dakika sita. Kamera ilikuwa pia na kijirekebishi, chombo cha kufanya yote hayo kwa sekunde mbili, lakini mafunzo yalikataza kukitumia chini ya kifusi, na Tusekile mwenyewe ndiye aliyekuwa akifundisha somo hilo kikosini. Aliitazama nguzo. Akawasha kijirekebishi.

Kioo kikachora vivuli vitatu vilivyokumbatiana upande wa magharibi. Mwanamke alikuwa akiita kwa nguvu, na watoto wawili wakilia. Mkondo wa sita ulionyesha mstari ulionyooka, kimya. Afande akaamuru roboti achimbe magharibi.

Baada ya dakika kumi na nne mama yule na watoto wake walitolewa, wamejaa vumbi lakini wazima. Watu nyuma ya utepe walipiga makofi. Tusekile akazima kijirekebishi ili awaite nyuki warudi, na hapo mkondo wa sita ukaanza kucheza.

Alielewa mara moja. Kelele za mama zilikuwa kubwa, kijirekebishi kikapunguza mikondo yote ili zisikwaruze, na sauti hafifu ikazama.

"Naitwa Lusajo," ilisema sauti ya mwanamume, polepole. "Mguu umebanwa. Kama kuna mtu, niko karibu na ngazi."

Ngazi zilikuwa mashariki, mita tatu tu kutoka juu, chini ya ile nguzo. Afande Sengo aliwauliza wahandisi. Walimjibu kwamba uchimbaji wa magharibi umeuhamishia mzigo upande huo, na atakayegusa mawe pale ataiangusha.

"Siwezi kupeleka mtu, Fundi," alisema. "Waite nyuki."

Tusekile hakuwaita. Nyuki walijua kusikia tu, hawakujua kusema. Aliinama kwenye ufa akapaza sauti hadi koo likauma, lakini yule mtu aliendelea kuzungumza kama aliye peke yake. Alizungumza dakika kumi na moja. Kisha nguzo ikaanguka.

Taarifa ya kikosi ilisema watu watatu waliokolewa na kwamba mitambo ilifanya kazi vizuri. Afande alimshauri aiache hivyo. Siku ya tatu Tusekile alikwenda Iyunga, nyumbani kwa mjane wa Lusajo aliyeitwa Subilaga, akiwa na sauti zile kwenye kifaa kidogo. Alimweleza kila kitu: kijirekebishi, dakika sita alizokwepa, na kwamba mkono uliobonyeza ulikuwa wake.

Subilaga alikitazama kile kifaa.

"Alijua kwamba mnamsikia?"

"Hapana, dada. Hatukuwa na njia ya kumwambia."

"Niwekee nimsikilize."

Tusekile akawasha, akasimama ili ampishe. Sauti ya Lusajo ikajaza chumba, ikataja jina, ikataja mguu. Kisha ikasema, "Suba, mlango wa nyuma sikuufunga."

"Niliufunga mimi," Subilaga akajibu.

Sauti iliendelea, na kila iliponyamaza kuvuta pumzi, yeye alijibu.