Bonge la Saward

Jibini ndiyo iliyoanza kisirani. Aldith aliikata asubuhi, jibini ya maziwa ya kondoo aliyoyakamua kwa mikono yake mwenyewe, na ndani likamwagika tope jeusi la pwani, lenye uvundo wa konokono waliooza juani. Aliwatupia mbwa. Mbwa wakanusa, wakafyata mikia.

Kijijini kwao, kwenye vinamasi vya Eseksi huko Uingereza, enzi hizo ardhi ilihama kwa mkono. Mwenye nayo alichimba bonge la udongo na nyasi zake, akakukabidhi mbele ya shahidi. Ukilipokea, malisho ni yako, na kipande cha ukuta unaozuia bahari ni chako pia. Aliyezembea ukuta wake hadi maji yakapenya, majirani walimshindilia hai penye ufa awe kizibo. Ndivyo alivyokwenda Saward. Mjane wake alizunguka na bonge la ardhi yake kijiji kizima, kila mtu akaficha mikono, isipokuwa Hamo, mume wa Aldith, aliyelipokea huku akichekelea. Tamaa ya mtu yule ilitia kinyaa hata kabla pepo hajaja.

Akaliweka rafuni, jirani na mkate.

Baada ya jibini, bonge likaanza kuvuja maji ya chumvi, na nyasi zake zikalainika, zikawa nywele. Kisha Hamo mwenyewe akaanza kunuka.

"Hamo, umekula nini? Midomo yako myeusi."

"Sijala kitu. Punguza sauti, mke wangu. Atasikia."

"Nani?"

"Huyu humu ndani," alinong'ona, akishika tumbo.

Siku hiyo hiyo, wakiwa mezani mchana kweupe, tumbo la Hamo likanguruma kama maji yanayopita mferejini, na kabla Aldith hajainuka Hamo alikuwa amepanua kinywa, tope likimtiririka kidevuni hadi kwenye bakuli la uji, na ndani ya tope mikunga wadogo, samaki wembamba kama nyoka, wasio na macho, wakijinyonganyonga, na nyuma ya mikunga hao sauti ya mtu mwingine, nzito, iliyojaa matope, ikiuliza bila kukoma, "Zamu ya nani? Zamu ya nani?"

Aldith alitapika hapo hapo, kisha akakimbia kumwita Bibi Wulviva, mganga wa kijiji.

Bibi aliziba pua kwa kitambaa. "Ni Saward, mwanangu. Amechoka kuwa kizibo, anamtaka mwenye ukuta. Mumeo alirudishe bonge penye ufa, kwa mkono wake mwenyewe, kabla maji hayajajaa. Lakini wewe usilishike hata kidogo. Atakayelipokea, Saward atahamia kwake."

Hamo alikuwa kitini, kichwa chini, na alisikia kila neno.

Wakaenda wote watatu, Hamo amebeba bonge. Ufa ulikuwa laini bado, ukipanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala, na kila uliposhuka ulitoa harufu iliyowafanya wakohoe. Hatua chache kabla ya kufika, Hamo akasimama.

"Mke wangu, ngoja. Hebu nishikie kidogo, nipige ishara ya msalaba."

Katika ndoa yao yote Aldith alimshikia kila kitu: ndoo, viatu, wanakondoo wenye kuhara. Mkono wake ulikwenda wenyewe, kabla akili haijaamka.

"Ni lako," Hamo akasema haraka haraka, "na nyasi zake, na ukuta wake. Bibi ni shahidi!"

"Hamo!"

Alikuwa tayari anarudi nyuma, akijifuta viganja kwenye suruali. Midomo yake ilikuwa safi, myekundu. Bibi Wulviva alimtemea mate miguuni.

Aldith alikimbilia ufa na kulisukuma bonge ndani kwa nguvu zake zote. Ukuta ukalitema, likamrudia mikononi. Mara ya pili vilevile. Kisha maji yakajaa, wakalazimika kukimbia.

Jioni hiyo Hamo alikula kama mtu aliyetoka kuugua: uji, mkate, kitunguu. Alipomaliza, alivuta kiti chake hadi upande wa pili wa meza, akaziba pua.

"Unanuka, mke wangu," akasema. "Ukalale kwa kondoo."

Aldith alitaka kumtukana, matusi yote aliyokuwa ameyaweka akiba tangu harusi. Akafungua kinywa.

"Zamu ya nani?" kikauliza.