Tela Jepesi la Hosea

Nilikuwepo. Asikudanganye mtu kwamba alisikia kwa fulani. Usukani niliushika mimi, Gidioni, na haya macho mawili ndiyo yaliyoona. Wale wanaosimulia pale stendi ya Himo wanasimulia nilichowaambia mimi, tena wamekiharibu.

Hosea alinikuta jioni, jua linaelekea kuzama, nimeegesha kirikuu changu, kigari cha mizigo, pale Holili. Usikidharau kwa udogo wake. Kimewahi kulitoa fuso kwenye matope, na dereva wa fuso akanipigia magoti. Hosea alikuwa amenunua tela la kulala, yale ya wazungu. Ukilivuta ni boksi bapa tu. Ukifika, unazungusha mkono wa chuma ubavuni, paa linapanda, kuta za turubai zinanyooka, ndani vitanda viwili. Ukizungusha kinyume linajifunga tena.

"Jepesi kama ungo," Hosea akasema. "Tunalipeleka Marangu, kihambani. Wageni watalala humo."

Kihamba chenyewe, lile shamba la ukoo lenye migomba na makaburi, kilikuwa cha kaka yake, marehemu Mathew. Hosea alimfukuza mjane, Priska, kisha akang'oa masale yote, ile mimea ya majani marefu, ya mpakani na yale yaliyozunguka kaburi, ili tela lipate pa kukaa. Huku kwetu mtu hang'oi masale. Ndiyo mpaka, ndiyo walinzi wa waliolala, na ukimkosea mtu, jani la isale ndilo unalompelekea. Akiliona mkononi mwako, hana budi kusamehe. Hosea aliyachoma pamoja na takataka.

Siku ya kufukuzwa, Priska alichota kiganja cha udongo wa kaburi, akaufunga kwenye pindo la kanga. Nilikuwepo pia. Akamwambia, taratibu tu, "Shemeji, udongo huu utaupandisha wewe mwenyewe, kwa gari."

Hosea alicheka.

Sasa pale Holili, nafunga mnyororo wa tela, nikaona mwanamke muuza ndizi ng'ambo ya barabara ananyanyuka. Priska. Akapita nyuma ya tela, akaingiza mkono mlangoni, akautoa. Pindo la kanga lilikuwa limefunguka. Nikaendelea kufunga mnyororo. Mimi navuta tela, sivuti kesi za watu.

Mdomo wa tela niliunyanyua kwa mkono mmoja. Mpaka Himo nilisahau kama kuna kitu nyuma. Tukakata kulia, tukaanza kupanda.

Kwenye mlima wa kwanza injini ikalia. Gia ya pili. Ya kwanza. Pua ya kirikuu ikaanza kuinuka, usukani ukawa mwepesi kama wa kuchezea, taa zikamulika majani ya migomba badala ya barabara.

"Umepakia nini humo?" nikamuuliza Hosea pale kando yangu.

"Magodoro mawili."

"Ya zege?"

Hakucheka.

Gari likagoma. Nikashuka, nikaweka jiwe nyuma ya tairi. Giza lilikuwa linaingia migombani. Halafu harufu... udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

Kri... kri... kri...

Mkono wa chuma ulikuwa unazunguka wenyewe.

Paa likapanda. Turubai likanyooka. Hosea akamulika kwa simu, nami nikachungulia juu ya bega lake. Udongo mwekundu ulikuwa umefunika vitanda vyote, umevimba katikati, na kuuzunguka... masale. Mabichi. Yamesimama kwenye mstari, kama kabla hajayang'oa.

Kutoka chini ya udongo sauti ikaita jina la utotoni la Hosea. Jina ambalo mama yao na Mathew tu ndio waliomwitia.

"Kaka... nisamehe," Hosea akasema.

"Unaomba mikono mitupu?" nikamnong'oneza. "Ona boma lile, masale yamejaa. Kabishe hodi, uombe jani moja."

"Nikaombe isale, watu wajue nimefanya nini?" Akayatazama yale ya ndani ya tela. "Haya hapa. Haya ni yangu."

Akaingiza mguu mmoja. Wa pili. Akashika jani.

Kri... kri... kri...

Kinyume.

Paa likashuka.

Niliukamata ule mkono wa chuma kwa nguvu zangu zote, na nguvu zangu zinajulikana. Ukanizungusha mimi. Tela likajifunga, bapa kabisa. Ndani akagonga. Ngo. Ngo. Ngo. "Gidioni... nifungulie." Akagonga, akagonga, mwisho kukanyamaza.

Nilikimbilia boma lile, nikaleta watu. Tukalifungua tela kwa nondo. Magodoro mawili, makavu. Kiatu kimoja cha Hosea. Nikaunyanyua mdomo wa tela mbele yao. Jepesi kama ungo.

Asubuhi, kule kihambani, masale yalikuwa yamesimama, mstari mzima. Kando ya kaburi la Mathew palikuwa na tuta jipya, urefu wa mtu, bila alama ya jembe. Waliochimba hawakukuta kitu ila mizizi.

Priska amerudi kwake. Kuku wake wanalala ndani ya tela. Juzi nilipita, nikamuuliza aliweka nini siku ile.

Akaendelea kumenya ndizi. "Kiganja kimoja tu cha udongo, Gidioni. Kina uzito gani?"

"Na Hosea akiomba msamaha?"

"Aje na isale."

Haya yote ni kweli tupu, isipokuwa moja, na nalitaja nisije nikaitwa mwongo. Nilisema kule kugonga kulinyamaza. Hilo nililitunga ili mpate usingizi. Kila nikiupandisha mlima ule, kirikuu kitupu, sina tela, sina mzigo, pua inainuka kidogo... na nyuma ya kiti changu, kwenye bati...

Ngo. Ngo. Ngo.